Tusi la Lushinge

Limi alipita kwenye tundu la ua mara ya kumi na nne asubuhi ile, na safari hii aliinama vibaya, utomvu wa mnyaa ukamdondokea begani.

Masele, mumewe, alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ameupa ua. "Amesemaje?"

"Anasema ubeti wa pili umeuvuta kidogo. Ukate mapema."

"Kusema hivyo tu ndiko kumemchukua muda wote huo?"

"Ndiyo hivyo tu," alisema Limi, akijisugua bega kwa majivu.

Haikuwa hivyo tu. Mama yake, nyuma ya ua, alikuwa amenong'ona kwamba Masele anaimba kama mtu anayemwita ng'ombe aliyezama kwenye tope, na kwamba marehemu mumewe, Mageni, angemsikia, angefufuka kwa dakika moja, akampiga kibao, kisha akarudi kulala. Lakini Limi tangu utotoni alikuwa hivyo: neno la moto likipitia kwake lilitoka upande wa pili limepoa, kama uji uliomiminwa bakuli hadi bakuli.

Na njia nyingine ya kufundishana haikuwapo. Msukuma na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake kwa mbali, huingia porini. Masele alikuwa amehamia kwa kina Limi kwa sababu Mageni hakuwa na mtoto wa kiume, na kwa miaka sita yeye na mama mkwe wake walikuwa wameishi boma moja bila kujuana sura. Wiki iliyopita tu Mama Limi alijibanza nyuma ya kichuguu ili mkwe wake apite na mbuzi wawili. Mbuzi mmoja akapita. Wa pili akamwona bibi yule, akasimama kumshangaa, na Masele, aliyejua fika mbuzi anashangaa nini, akalazimika kuitazama mbingu mpaka shingo ikamuuma.

Sasa, nyimbo zote za Mageni zilikuwa kichwani mwa mama mkwe, na sauti ilikuwa kooni mwa mkwe. Katikati palikuwa na Limi.

Mageni alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kuanzia Kahama mpaka Geita hakukuwa na kijiji ambacho hakikuwahi kucheza nyimbo zake, na hakukuwa na mtu mzito ambaye hakuwahi kutajwa ndani yake kwa jina na kwa kosa. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, mwaka wa 1933. Mwaka huu, mavuno yakiwa mazuri kuliko yote tangu nzige wapite, wanakijiji walitaka jioni moja ya kuimba nyimbo zake tupu, za mwingine zisiingie. Jambo jema. Lingebaki jema kama Bujiku asingerudi kutoka Geita.

*

Bujiku aliwahi kuwa mwitikiaji wa Mageni kwa miaka tisa. Mageni akitoa ubeti, Bujiku ndiye aliyedaka kiitikio, kwa sauti nene iliyotikisa vibuyu ukutani. Kisha akaenda kuchimba dhahabu kwa Wazungu, akarudi na shati lenye mifuko minne, filimbi, na taa ya mgodini, ile inayofungwa kwenye paji la uso. Taa hiyo aliiwasha hata saa sita mchana.

Limi alimkuta dukani kwa Muhidini siku alipotumwa chumvi.

"Mwadila, binti wa Mageni," alisalimia Bujiku kwa Kisukuma, na alipogeuka taa ikampiga Limi machoni. "Nasikia mnaye manju mpya. Nasikia anafundishwa nyimbo kupitia kwenye miti, kama nyuki."

Wanaume waliokuwa barazani wakacheka. Limi akatazama miguu yake.

"Siku hiyohiyo na mimi nacheza," Bujiku aliendelea. "Uwanja uleule. Nyimbo mpya, za mgodini. Na mwambie mama yako hivi: ngoma isiyokusanya watu ni kiota cha kuku. Ile ngoma ya mzee ingefaa ikae kwa mtu anayeweza kuukusanya umma."

Limi alipofika nyumbani alisema Bujiku amewasalimu, ameulizia afya ya ngoma. Kwa bahati mbaya Bujiku mwenyewe alikuwa amemfuata nyuma kwa hatua kumi, na akarudia maneno yake yote mlangoni, bila kupunguza hata moja.

Mama Limi alikuwa mwanamke mfupi mwenye hasira ndefu. Aliingia ndani, akatoka amekumbatia ngoma ya marehemu, ngozi yake imekuwa nyeusi kwa viganja vya miaka thelathini. Ilikuwa kitu pekee cha mumewe alichobaki nacho. Hata mgolole wake alizikwa nao. Kila jioni aliifuta vumbi, akaigonga mara moja kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Umati ukiwa wako jua likigusa kilima," alimwambia Bujiku, "ichukue."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Desturi ilikuwa ileile ya siku zote: vikundi viwili huchezea uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, kwa wakati mmoja, na watu huchagua kwa miguu yao. Mpaka siku hiyo ngoma ikawekwa dukani kwa Muhidini, mfanyabiashara kutoka Tabora, kwa kuwa yeye hakuwa wa kikundi chochote. Aliiweka kati ya gunia la chumvi na jora la amerikani. Mama Limi alipoona ngoma ya mumewe imekaa kama kitu cha kuuzwa, alisimama pale muda mrefu, kisha akasema, "Usiiuze kwa makosa."

"Mama, nitaiuzaje? Mimi sina upande," alisema Muhidini. "Ila nawaomba kitu kimoja. Jua likizama nataka kuswali kwa utulivu. Shindaneni upesi."

Usiku haukupita kabla watu hawajajua kwamba Bujiku alikuwa amefukia dawa ya kuvuta watu kwenye kona ya uwanja. Asubuhi kuku wa Muhidini wakaifukua, wakaila. Tangu siku ile kuku wale wawili wakawa hawaachani, mmoja akigeuka na mwingine anageuka, na kila mtu akakubali kwamba dawa ilikuwa ya kweli, ila imewapata wasiohusika.

*

Siku mbili kabla ya jioni yenyewe, Limi alikuwa kisimani alipoona msafara unakuja kwa njia ya Kahama. Ulikuwa wa watu kumi na watatu, wazee kwa watoto, na mbele yao bibi mmoja mwembamba mwenye rozari shingoni, anatembea kwa fimbo. Msichana aliyemshika mkono aliitwa Justa.

"Shikamoo, bibi," alisema Limi, akapiga goti.

"Marahaba, mjukuu. Kwa Mageni ni wapi?" Bibi akamtazama vizuri. "Aa, nimefika. Pua hiyo ni ya kwake. Mimi naitwa Paskazia. Ni jina la ubatizo, bado linanibana kidogo. Mimi ni mjane wa Lushinge."

Limi akautua mtungi.

"Lushinge ametutoka kabla ya mvua," alisema bibi. "Tulipopata habari ya jioni hii nikasema, hapana, nitakwenda hata kwa kutambaa, na watoto wake wote waje. Tumetembea siku mbili. Hawa wadogo hawajawahi kusikia jina la babu yao likiimbwa. Nataka walisikie." Akafungua tambara, akatoa kibuyu kidogo cha samli, akakitia mikononi mwa Limi. "Cha mama yako. Na wewe ulambe kidogo njiani, umekonda."

Limi aliwapeleka kwa jirani walikofikia, akawatekea maji ya kunawa miguu. Kila mguu uliotoka vumbi ulimchoma moyo. Maana ubeti wa Lushinge, mtu aliyeparamia paa akidhani ndama ni fisi, aliujua. Ulikuwa hivi:

*Lushinge wee, shuka, kumekucha,*
*Fisi wako kavaa kengele, ni ndama;*
*Umelala juu ya paa kama boga,*
*Mkeo kalala chini, mlango wazi.*

Watoto na wajukuu kumi na wawili walikuwa wametembea siku mbili kuja kusikia hayo! Na bibi wa watu na rozari yake, na samli yake!

Jioni ile Mama Limi alimnong'oneza ubeti wa Lushinge, mstari kwa mstari, na Limi akainama kupita kwenye tundu la ua. Alikaa humo tunduni muda mrefu kuliko kawaida. Alipotokea upande wa pili alikuwa na ubeti mwingine:

*Lushinge wee, simba wa nyikani,*
*Fisi alipokuja ulimfukuza mbali;*
*Umelinda nyumba yako kama ngao,*
*Mkeo kalala kwa amani.*

Masele akakunja uso. "Una hakika? Mimi nilipokuwa mdogo kule kwetu nilisikia kitu kama boga humu."

"Boga ni la wimbo mwingine," alisema Limi. Masikio yakamwaka moto. Alikuwa hajawahi kumdanganya mumewe, isipokuwa kuhusu maneno ya mama yake.

Na ulimi ukishaonja hautulii. Mzee aliyeimbwa kwamba alilima kivuli cha mti siku nzima, sasa alilima mpaka jua likachoka. Kabula, ambaye pombe yake iliwahi kugeuza matumbo ya harusi nzima, sasa alipika pombe tamu kama maziwa ya mwanzo. Mama Limi hakujua lolote, kwa sababu Masele na wapigaji walifanyia mazoezi bondeni, mbali, wakiwaogopa wapelelezi wa Bujiku.

*

Siku yenyewe uwanja ulijaa tangu alasiri. Upande wa mashariki Bujiku aliingia kwa filimbi na taa, wachezaji wake nyuma wamebeba sururu begani kama bunduki. Upande wa magharibi Masele alisimama na njuga miguuni, amepaka mafuta, mzuri wa kutazama. Mama Limi alikaa kwenye kigoda pembeni, mgongo ameugeuzia uwanja, na kichwani amejifunika ungo, ili macho yake yasikutane na ya mkwe wake hata kwa ajali. Chini ya ungo aliona miguu ya watu tu. Ilimtosha.

Ngoma zikalia. Mwanzo watu wengi walikuwa kwa Masele, kwa heshima ya Mageni. Akaimba habari za mzee aliyelima mpaka jua likachoka. Watu wakasikiliza, wakatazamana.

"Wimbo huu ulikuwa unachekesha," alisema mmoja.

"Labda tumezeeka."

Akaingia wimbo wa Kabula. Kabula mwenyewe alikuwepo, amevaa shanga zake zote, amekaa mbele kabisa tangu mchana ili akitajwa watu wamwone. Aliposikia "pombe tamu kama maziwa" alisimama taratibu.

"Pombe yangu imekuwa tamu tangu lini?" akauliza. "Miaka ishirini natembea na pombe yangu mbaya, nakaribishwa kila harusi kwa ajili yake, leo mnaninyang'anya?" Akakung'uta nguo, akavuka uwanja kwenda kutazama taa ya Bujiku. Mashoga zake saba wakamfuata.

Chini ya ungo, Mama Limi aliona miguu inapungua. "Limi," alisema. "Kwa nini watu wanahama?"

"Wanakwenda kunywa maji, mama."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kufika kilimani. Masele, jasho linamtoka, akaona afadhali atoe wimbo mkubwa. Akauanza wa Lushinge. Wapigaji, waliokuwa wakiujua mdundo tangu zamani, walipiga kama walivyozoea. Lakini maneno mapya hayakuingia kwenye mdundo, yakaning'inia nje kama miguu ya mtu mrefu kitandani. Mwenye ngoma ndogo akapotea. Mwenye kubwa akamngoja. Kicheko kikatoka upande wa Bujiku.

Watu kumi na watatu kutoka Kahama hawakucheka. Kisha bibi Paskazia akaegemea fimbo, akainuka.

"Justa," alisema, "huyo Lushinge anayeimbwa ni nani?"

"Si babu, bibi?"

"Babu yako hakuwahi kumfukuza hata panya. Inukeni watoto. Tumekosea kijiji."

Limi akamkimbilia, akapiga magoti mavumbini. "Bibi, nisamehe. Ni mimi. Ubeti wenyewe ulikuwa mbaya. Nikaona mmetoka mbali, na watoto... Nikaona haya."

"Mbaya?" Paskazia alimtazama kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa na miguu mitano. "Mjukuu, wimbo ule ulipotoka, Lushinge alikwenda kwa baba yako na mbuzi. Mageni akadhani ameletewa mbuzi ili aufute wimbo. Akasema, 'Basi, ndugu yangu, nimeufuta.' Lushinge karibu alie. Akamwambia, 'Ufute vipi? Mbuzi huyu ni wa kuongeza: hukusema kwamba kule juu nilinyeshewa na mvua mpaka nikaota.' Watu walimpenda mume wangu kwa paa lile. Hakuacha ng'ombe wengi, hakuacha cheo. Aliacha wimbo. Umemtoa mle ndani, umetia simba. Sasa yeye nimtafute wapi?"

Machozi yakamjaa Limi.

"Limi." Sauti ilitoka chini ya ungo, ya chini sana. "Ulimpelekea mumeo nini?"

"Nilipunguza, mama. Kidogo."

"Zote?"

"Zote."

Ungo ukatikisika. Kwa kitambo Mama Limi alionekana kama atageuka, atamwona mkwe wake, na iwe itakavyokuwa. Lakini hakugeuka. "Nenda," alisema. "Kamwambie. Neno kwa neno. Na ukikutana na neno kali njiani, lipishe lipite."

Limi hakuwahi maishani mwake kuingia katikati ya uwanja. Hata kwenye harusi yake mwenyewe alichezea pembeni. Sasa alipenya kati ya wachezaji, akipigwa viwiko, akafika kwa Masele na kuanza kumnong'oneza. Masele akatikisa kichwa: hasikii. Akapaza sauti kidogo. Hasikii. Limi akafumba macho, akavuta pumzi, akampigia kelele sikioni. Na Masele, ili amsikie vizuri, papo hapo akawanyooshea mkono wapigaji wanyamaze.

Wakanyamaza. Sauti ya Limi ikabaki peke yake uwanja mzima:

*Lushinge wee, shuka, kumekucha,*
*Fisi wako kavaa kengele, ni ndama;*
*Umelala juu ya paa kama boga,*
*Mkeo kalala chini, mlango wazi!*

Alipofumbua macho, watu mia tatu walikuwa wanamtazama. Alitamani ardhi impokee. Ndipo kikapanda kigelegele, chembamba, cha kizee, na bibi Paskazia akainua fimbo juu.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Mke wa mlango wazi ni mimi! Nililala fofofo! Watazameni, hawa ni watoto wa Boga!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Na kabla kicheko hakijatua, kiitikio kikadakwa. Hakikudakwa na watu wa Masele. Kilitoka ng'ambo, kwa sauti nene iliyotikisa vifua:

*Shuka, Lushinge, shuka, tukupe ngazi!*

Bujiku mwenyewe alionekana kushtuka kusikia sauti yake. Miaka tisa ilikuwa imemzoesha. Ubeti ule ukitolewa, kinywa chake hakimngoji. Masele akarudia ubeti, wapigaji wakaupata mdundo, na Bujiku akaitikia tena, na kwa kuwa mwitikiaji hawezi kuitikia akiwa mbali na manju, miguu ikaanza kumleta. Alikuja na taa yake usoni, filimbi inaning'inia, anauvuka uwanja huku anacheza. Wachezaji wake walitazamana, wakatua sururu, wakamfuata. Umati ukafuata taa. Kabula alirudi mbio, akapiga kelele kwamba wakimaliza huu waimbe wa kwake, na pombe iwe mbaya.

Jua lilipogusa kilima, upande wa mashariki walikuwa wamebaki kuku wawili wa Muhidini, bega kwa bega.

Muhidini aliileta ngoma mwenyewe, ameibeba kichwani. Bujiku alikuwa amejifuta jasho, taa imezimika.

"Niliitikia kwa bahati mbaya," alimwambia Limi.

"Ndiyo, kaka Bujiku," alisema Limi. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, na neno lenyewe likampita kabla hajalipoza: "Mara kumi na moja."

*

Kulipopambazuka Limi aliitwa nyuma ya ua. Mama yake alikuwa ameketi na ngoma mapajani. Hakumkaripia. Aliigonga mara moja kwa kidole, akamvuta sikio karibu, akamnong'oneza ubeti ambao haukuwa wa Mageni. Ulikuwa umetungwa usiku ule, na mtungaji alikuwa bado anaona haya kidogo.

"Mpelekee mumeo," alisema Mama Limi. "Aone kama unaimbika."

Limi akainama kwenye tundu la ua, akasimama humo. Mbele hakuonwa na mtu, nyuma hakuonwa na mtu. Ingetosha kugeuza mstari mmoja. Lingetosha hata neno moja tu. Chungu cha mlenda kilikuwa kinachemka jikoni, na kule kisimani sauti za wanawake wanaocheka zilikuwa zimeanza kusikika. Kabla ya jua kupanda wangekuwa na wimbo huu, na kabla ya wiki ungefika Kahama.

Akatokea upande wa pili.

"Amesemaje?" aliuliza Masele.

Limi akatazama chini, akasema:

*Limi wee, ulitumwa chumvi,*
*Umerudi na asali ya nyuki;*
*Huo mlenda nani ataula,*
*Na wageni wameshanawa mikono?*

Masele alicheka mpaka kigoda kikampindukia. Nyuma ya ua mtu akakohoa, kikohozi cha kuficha kicheko, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita mkwe na mama mkwe wakawa wamecheka pamoja, ingawa wote wawili wangekana.

"Rudia," alisema Masele, akijipangusa macho.

Limi akarudia, neno kwa neno. Safari hii aliuimba.